Mercedes-Benz 600 iliyolala miaka mingi: namna ya kuikagua, kuiamsha na kujua pesa itaenda wapi

Mercedes-Benz 600 ilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, ikatengenezwa mpaka 1981, na kwa muda wote huo zilitoka gari 2,677 tu. Kati ya hizo, 428 ni Pullman, ile ndefu ya mita 6.24 iliyowabeba marais na wafalme. Zilizobaki zinapatikana hapa na pale, nyingi zikiwa zimefunikwa turubai kwenye stoo, zimesubiri mwenyewe apate muda ambao haukupatikana.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyerithi gari la namna hiyo, au anayetaka kulinunua. Nimeshinda chini ya gari hili siku nyingi, na nimewaona watu wanavyolikosea: wanafungua boneti, wanasikiliza injini, wanasema "injini nzima," wanalipa. Injini ya 600 ndiyo sehemu yake imara kuliko zote. Kinachomaliza pesa ni mabomba. Gari hili lina mifumo miwili inayozunguka mwili mzima, mmoja wa upepo na mwingine wa mafuta ya presha kubwa, na yote miwili inaharibiwa na kukaa kuliko kutembea. Ukiikagua hiyo miwili kabla ya kutaja bei, utajua unanunua nini.

Hatua ya 1: Usiguse ufunguo, pima kwanza

Springi za 600 ni mifuko ya mpira iliyojazwa upepo. Gari lililokaa wiki kadhaa kushuka chini ni jambo la kawaida, usiogope. Cha kuangalia ni limeshukaje. Chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne, uandike. Vipimo hivyo utavihitaji mara nyingi.

Kabla hujainama, sikia hili vizuri. Usiingie chini ya 600 kwa kuitegemea jeki peke yake, na usiingie kamwe ikiwa imesimama kwa upepo wake yenyewe. Niliwahi kuona fundi akilegeza nati ya bomba la upepo akiwa amechuchumaa pembeni, na bodi ikashuka kwa pumzi moja. Pullman ina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Weka stendi imara chini ya bodi, sehemu zilizotengenezwa kubeba uzito, tikisa gari, ndipo uingie.

Ukiwa chini, tafuta kutu. Gonga kwa mpini wa bisibisi sehemu za kuwekea jeki, ukingo wa chini wa milango, ndani ya matao ya magurudumu na sakafu ya buti. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Inua kapeti la mbele, weka kiganja juu ya sakafu. Kama kuna ubaridi wa unyevu, angalia mifereji ya kutolea maji ya dirisha la juu, kwa sababu ikiziba maji hushukia ndani ya mwili wa gari na kuula polepole. Kazi ya kutu hulipwa kwa saa za fundi, na kwenye bodi kubwa namna hii, ambayo mingi ya mikanda yake ya kromu ilirekebishwa kwa mkono, saa hizo huenda mamia kwa urahisi.

Tairi nazo: 600 ilitoka kiwandani na saizi 9.00-15, ambayo dukani haipatikani kirahisi. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka kumi na tano halifai kubeba gari hili. Hesabu seti nzima.

Hatua ya 2: Iamshe injini bila kuikurupua

Injini ni V8 ya lita 6.3, inayoitwa M100, yenye nguvu za farasi 250. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni za aluminiamu, cheni inazungusha kamshafti mbili, na petroli inaingizwa na nozeli pampu ya Bosch yenye pistoni ndogo nane, moja kwa kila silinda. Pistoni hizo zimekaa ndani ya vitundu vyake kwa nafasi ndogo sana isiyoonekana kwa macho. Petroli ya zamani huganda kama vanishi na kuzing'ang'anisha. Ukizungusha stata kwa pupa, unazikwaruza au unazivunja, na hapo umejinunulia kazi ya pampu nzima.

Nenda hivi:

1. Fungua tangi na unuse. Linabeba lita 112. Likinuka vanishi badala ya petroli, mwaga yote, shusha tangi lisafishwe, badilisha filta na mipira yote laini ya petroli. Usijaribu kuchanganya na petroli mpya.

2. Toa plagi zote. Tia oili kidogo ndani ya kila silinda, acha ikae usiku mzima.

3. Mwaga oili ya injini na uinuse. Oili yenye harufu ya petroli inakuambia kwamba nozeli pampu ilikuwa ikitia mafuta kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu kile kifaa cha kuongeza petroli injini ikiwa ya baridi kimenasa. Petroli hiyo imekuwa ikiosha oili kwenye kuta za silinda. Andika, maana itarudi kwenye hesabu.

4. Zungusha injini kwa mkono, kwa upande wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili. Ikigoma usilazimishe. Rudia oili, subiri siku nyingine.

5. Zungusha kwa stata plagi zikiwa nje, mpaka sindano ya presha ya oili ipande. Sasa ndipo urudishe plagi.

Ikiwaka, moshi wa dakika za kwanza usikutie hofu, ile oili uliyoitia lazima iungue. Subiri injini ipate moto wake wa kawaida, halafu soma moshi upya. Moshi mweusi unaoendelea ni petroli nyingi kupita kiasi. Moshi wa bluu unaotoka ukiachia pedeli baada ya kukimbia, au asubuhi tu unapowasha, mara nyingi ni gaidi za valvu (vijibomba vinavyoongoza valvu) zilizolika, na hiyo ni kazi ya silinda hedi. Bluu muda wote ni ringi. Moshi mweupe wenye harufu tamu, huku maji yakipungua, ni gasketi, au hedi yenyewe imeliwa na maji yaliyokaa miaka bila dawa ya kuzuia kutu.

Sikiliza upande wa mbele. Cheni iliyolegea inakwaruza kwa mlio mkavu unaopungua presha ikipanda. Usiuzoee mlio huo. Angalia pia sindano ya oili: injini ikiwa moto na ukikanyaga mafuta, inapaswa kugonga 3.

Valvu za 6.3 zinarekebishwa kwa mkono, na wamiliki wengi wa nyuma waliliacha hilo. Mlio wa tiki-tiki juu ya hedi huenda ukaisha kwa nusu siku ya kazi na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) tu. Ni moja ya marekebisho machache ya bei ndogo kwenye gari hili, lifanye mwanzo.

Hatua ya 3: Upepo, unaobeba gari na breki

Injini ikiwa inazunguka, kompresa inayovutwa na mkanda inajaza tangi la upepo, na gari linaanza kuinuka. Simama pembeni ulitazame. Linapaswa kunyanyuka kwa utulivu na kusimama sawasawa. Pima tena kona nne.

Watu wengi wanasahau kwamba upepo huo huo ndio unaosaidia breki. Hakuna upepo, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, na wewe unashika tani mbili na nusu kwa nguvu ya mguu wako. Kwa hiyo usiondoe gari gereji, hata mita kumi, kabla halijainuka na pedeli haijalainika.

Zima injini, ondoka. Pima baada ya saa moja, kabla ya kulala, na asubuhi. Daftari litakuonesha ugonjwa. Kona moja ikishuka peke yake, shaka iko kwenye mfuko wa kona hiyo au bomba lake. Za nyuma zikishuka zote mbili kwa kipimo kimoja, anza na valvu ya usawa ya nyuma. Gari lote likishuka pamoja, rudi kwenye valvu kuu na maungio ya karibu na tangi. Kisha chukua maji ya sabuni na brashi ya rangi, pakaa kila ungio, utaona mapovu. Kazi hii haihitaji kompyuta. Inahitaji subira na tochi nzuri.

Mifuko ya mpira ichunguze kwa kuikunjua kwa vidole pale inapojikunja. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye mkunjo zinakwambia mpira umezeeka, hata kama leo hauvuji. Ukibadilisha mmoja, badilisha na mwenzake wa upande wa pili.

Mwaga maji kwenye tangi la upepo. Yakitoka machafu yenye rangi ya kutu, jua kwamba uchafu huo umeshafika kwenye valvu, na kubadilisha mifuko bila kusafisha valvu ni kurudi gereji baada ya mwezi.

Kwenye breki zenyewe, kila gurudumu la mbele lina kalipa (kibano cha breki) mbili, kwa hiyo kila kitu unachonunua mbele unanunua mara mbili. Gari lililokaa huwa na pistoni za kalipa zilizoshikwa na kutu. Zifungue zote, weka sili mpya, badilisha mipira yote ya breki bila kuangalia sura yake. Mpira wa breki wa miaka thelathini unaweza kuwa mzuri nje na ndani umevimba mpaka mafuta hayarudi, na breki inabaki imeshika.

Hatua ya 4: Haidroliki, penye pesa yenyewe

Haidroliki ndiyo ule mfumo wa mafuta ya presha kubwa niliousema mwanzo. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotoa machozi.

Wahandisi wa 600 hawakutaka abiria asikie mlio wa mota. Wakaweka pampu inayotoa presha ya bar 150, na kutoka hapo mabomba membamba yanakwenda kwenye vioo, viti, dirisha la juu na kifuniko cha buti, na kwenye magari mengine hata kile kioo kinachomtenga dereva na abiria. Tairi la gari dogo hujazwa bar mbili na kidogo. Linganisha mwenyewe. Kitufe cha mlangoni ambacho mtu angedhani ni swichi ya umeme, ndani yake ni valvu. Ukikisukuma kidogo kioo kinapanda taratibu, ukikisukuma sana kinaruka juu kimyakimya, kwa nguvu ya kuvunja kidole. Watoto wasikae karibu na vitufe hivyo.

Uzuri wake ndio ugumu wake. Kila valvu ina oringi ndogondogo, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja, ambazo zikikauka zinavuja, na mafuta yanavujia ndani ya mlango, nyuma ya ngozi, chini ya kapeti. Pullman moja niliyoifungua ilikuwa safi kwa macho, ila pembe ya chini ya ngozi ya mlango wa nyuma ilikuwa imeiva kidogo, nyeusi kuliko sehemu nyingine, kipande cha ukubwa wa kiganja. Nilipobonyeza, kidole kiling'aa mafuta. Tulipoutoa ubao wa mlango tukakuta tone linaning'inia kwenye ungio la bomba, linanenepa, linaanguka, lingine linaanza. Chini yake pamba ya kuzuia kelele ilikuwa imelowa chapachapa, na kutu ilikuwa imekaa mahali mafuta hayakufika. Mwenye gari alikuwa amekaa na mlango huo miaka bila kujua.

Kagua hivi:

1. Injini ikiwa imewaka, jaribu kila kioo, kimoja kimoja, juu na chini. Andika kipi kizito, kipi kinasimama njiani.

2. Zima injini, pandisha vioo vyote, viache usiku mzima. Kioo kilichoshuka asubuhi kina valvu au silinda inayopitisha.

3. Bado hujawasha, shusha na upandishe kioo kimoja. Mfumo mzima hubakiza presha, kwa hiyo kinapaswa kufanya kazi mara kadhaa. Kikikataa papo hapo, presha inapotelea mahali fulani au chombo cha kuihifadhi kimechoka.

4. Angalia chombo cha mafuta chini ya boneti. Kikiwa tupu, mafuta yameenda mahali, na kwenye gari hili mahali hapo huwa ni ndani ya milango na viti.

5. Kabla ya kufungua bomba lolote, zima injini na uchezeshe vioo mpaka visiwe na nguvu tena. Na usitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta ya presha hii yakitokea kwenye tundu dogo yanaweza kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali hata kama linaonekana dogo. Pitisha kipande cha kadibodi badala ya mkono.

Tia mafuta yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari pekee. Mtu akitia mafuta ya breki humo, oringi zote za mfumo huvimba na kuharibika, kuanzia pampu mpaka kwenye kiti cha mwisho. Sijui kosa dogo kuliko hilo lenye bili kubwa kama hilo.

Nasema hivi kwa uzito: wako waliong'oa haidroliki na kuweka mota za umeme. Nawaelewa kwa upande wa pesa, lakini gari lililong'olewa limepoteza kile kilicholifanya liwe 600, na mnunuzi wa kesho atakata thamani yake. Kama huna uwezo wa kutengeneza milango yote minne, funga bomba la mlango mbovu kwa kizibo kinachofaa, endelea na mingine, uutengeneze mwakani.

Hatua ya 5: Giaboksi

Giaboksi ni otomatiki ya gia nne, na kwa kawaida haisumbui. Kubadilisha gia kwa mshtuko kidogo ndiyo tabia yake, usimruhusu mtu akuuzie ovaholi kwa sababu hiyo. Kinachotia wasiwasi ni kuchelewa kushika ukiweka rivasi, injini kupanda mzunguko bila gari kwenda, au mafuta yenye harufu ya kuungua. Badilisha mafuta na filta kwanza, endesha, ndipo uamue.

Hatua ya 6: Kupanga gharama

Mwaka 1964 gari hili liliuzwa mark 56,500 za Ujerumani, na Pullman 63,500. Bei ya kulinunua inaweza kushuka, lakini gharama ya kulitengeneza haijawahi kushuka, kwa sababu vipuri vinatengenezwa vichache na vinauzwa kwa euro. Mercedes-Benz yenyewe ina kituo cha magari yake ya zamani huko Fellbach, karibu na Stuttgart, tangu 1993, na vipuri vingi bado vinaagizika kwa namba. Kwa injini, una nafuu moja: M100 ya lita 6.3 ilifungwa pia kwenye 300 SEL 6.3, iliyotengenezwa mpaka 1972 kwa wingi zaidi, elfu sita na mia tano hivi. Ukitafuta spea ya injini, uliza kwa majina yote mawili. Linganisha namba za spea kabla ya kulipa, maana si kila kitu kinaingiliana.

Kwa ukubwa, mpangilio wa gharama uko hivi. Mamia ya euro yanatosha kwa oili, filta, plagi, mikanda, mipira ya petroli na kurekebisha valvu. Maelfu yanaanza ukigusa mifuko ya upepo na valvu zake, breki zote, nozeli pampu kufunguliwa na kupimwa kwenye mashine yake, au valvu ya kioo hata kimoja ikibidi inunuliwe mpya. Makumi ya maelfu ni kufungua injini yote, au haidroliki nzima kuanzia pampu mpaka viti. Kurudisha gari zima katika hali yake, pamoja na bodi, ngozi na kromu, ni mamia ya maelfu. Ndiyo maana 600 ya bei rahisi yenye vioo vilivyokufa huishia ghali kuliko ile ya bei kubwa inayofanya kazi.

Lipa kwa utaratibu huu, bila kuruka: breki na upepo, petroli na nozeli, maji ya kupoza, haidroliki, na rangi mwisho kabisa. Gari lililopigwa rangi kabla ya milango kutengenezwa litafunguliwa tena, na rangi mpya itakwaruzwa.

Mwombe fundi akupe bili yenye saa za kazi kando na vipuri, kila kipuri na namba yake, na vya zamani urudishiwe mkononi. Niliwahi kulipia seti ya sili ambazo hazikuwekwa, nikagundua miezi baadaye kwa sababu tu tulifungua tena sehemu ileile. Na theluthi ya bajeti yako iache pembeni bila kuigusa. Milango ya 600 haisemi ukweli mpaka ifunguliwe.

Hatua ya 7: Isilale tena

Angalau mara mbili kwa mwezi iwashe na uiendeshe mpaka kila kitu kipate moto, si kuiwasha dakika tano gereji na kuizima. Njiani tumia vioo vyote, sogeza viti vyote, fungua dirisha la juu, ili oringi zipate mafuta. Ikirudi, mwaga maji ya tangi la upepo. Asubuhi yake chukua futi, pima kona nne, uandike chini ya vile vipimo vya siku ya kwanza.